Gari Liliapo, Lisikilizwe

Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo ina ukweli wake kwa wanadamu, lakini kwa upande wa magari yatupasa tuitumie kwa hadhari. Gari linalogongagonga na kuchakacha kama kayamba aghalabu lina jambo la kusema, na mwenye kulisikiliza huokoa fedha na wakati, na mara nyingine huokoa roho za watu.

Safu hii leo inapenda kuwashughulisha wasomaji, hususan watumishi wa umma waliokabidhiwa magari, juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo mno lisistahili wino wa gazeti: kelele za gari, namna ya kuzitafuta, na namna ya kuzimaliza. Tumechagua kulitazama jambo hilo kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, kwa sababu ni vigumu kupata mahali panapolifundisha vizuri zaidi.

Mlimba ni mji mdogo ulio chini ya milima ya Udzungwa, Mkoani Morogoro. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wanaujua kwa stesheni yake ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Baada ya Mlimba treni huanza kupanda kuelekea Makambako, katika sehemu iliyowapa wajenzi taabu kuliko nyingine zote kwa wingi wa mahandaki na madaraja yake. Kwa upande wa pili, barabara ya kutoka Ifakara hufika Mlimba kwa kupita Idete, Mbingu, Mngeta na Chita, ikiwa imebanwa baina ya milima na tambarare ya mto. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya njia hiyo imekuwa ya udongo na changarawe. Masika huifanya tope. Kiangazi huifanya vumbi na mawimbi.

Hayo mawimbi ndiyo mwanzo wa maneno yetu.

MAWIMBI YA NCHI KAVU

Mkazi wa visiwani anapotajiwa mawimbi hufikiri bahari. Dereva wa Kilombero hufikiri ile mikunjo midogomidogo inayoikata barabara kwa upana, mfano wa bati la kuezekea. Watu wengi huamini kwamba mikunjo hiyo huletwa na malori mazito au na springi mbovu. Mwaka 2007 watafiti watatu, Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine, walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa gurudumu dogo lililozungushwa juu ya mchanga. Waliona kwamba gurudumu likienda polepole mchanga hubaki tambarare, lakini mwendo ukishapita kiwango fulani mawimbi huanza kujitokeza yenyewe, hata pasipokuwa na springi yoyote. Kwa maneno mengine, mwendo wenyewe wa magari ndio unaoyazaa mawimbi, na kila dereva anayepita kwa kasi humwachia mwenzake urithi huo.

Sasa tupige hesabu kidogo. Tuseme kutoka wimbi moja hadi jingine ni sentimita 70, na gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Kila gurudumu litapigwa mara 20 hivi kwa sekunde moja. Kwa saa moja, mapigo yatapita 71,000. Hakuna kitu kilichofungwa kwa nati na bolti ambacho hakiulizwi swali na mapigo hayo.

Mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha mwaka 1969 kwamba nati hulegea upesi zaidi pale vitu viwili vilivyofungwa pamoja vinapotikiswa kwa ubavu, kimoja kikiteleza juu ya mwenzake kwa kiasi kidogo sana kisichoonekana kwa jicho. Hapo nati hujirudisha nyuma yenyewe, nukta baada ya nukta, ingawa hakuna mkono ulioigusa. Fundi anayedhani kwamba washa ya springi pekee itaizuia hujidanganya. Kinga ya kwanza ni kukaza kwa nguvu inayotakiwa, na kinga ya pili ni nati yenye plastiki ndani yake, au nati mbili zilizobanana.

Tena yafaa ieleweke kwa nini kelele nyingine hutokea kwa mwendo mmoja tu. Kila kitu kina mtikisiko wake wa asili, kama pembea ya mtoto ambayo huruka juu ikisukumwa kwa wakati wake, na hufifia ikisukumwa ovyo. Kipande cha bati chini ya gari kinaweza kunyamaza katika kilomita 40, kikapiga kelele za kutia wazimu katika 55, kisha kikanyamaza tena katika 70. Dereva husema, "Imepona." Haikupona hata kidogo, pembea imekosa msukumaji tu.

KELELE ZA KERO NA KELELE ZA HATARI

Kuna kelele za kero na kuna kelele za hatari. Kelele za kero ni kama vile jeki iliyolegea chini ya kiti, kifuniko cha dashibodi, kitasa cha mlango, au kigao cha bati kinachokinga joto la bomba la moshi. Kelele za hatari ni kama vile nati za gurudumu zilizolegea, bolijointi iliyokwisha, tairodi yenye mchezo, springi iliyovunjika jani, au krosi ya shafti inayokaribia kukatika.

Wengi husema: kelele za kero tuziache, za hatari tuzitengeneze. Hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Kelele hizi hazikuja zimevaa sare ili zitambulike. Zote hupita katika chuma kilekile na kufika katika sikio lilelile. Dereva aliyezoea kusikia vigongo kumi visivyo na maana hataweza kusikia cha kumi na moja kitakapoanza, na hicho huenda ndicho cha gurudumu. Kwa hiyo faida ya kunyamazisha kelele ndogo ni kulisafisha sikio, ili kelele kubwa ikianza isikike siku ileile.

Jambo hili si la anasa. Mgonjwa aliyezidiwa Mlimba hupelekwa Ifakara, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mama aliyeshikwa na uchungu usiokwenda vizuri hulazwa nyuma ya gari, na safari ni ya saa kadhaa hata njia ikiwa njema. Katika gari kama hilo, gurudumu likichomoka baina ya Mngeta na Mbingu, usiku, wakati wa masika, hakuna wa kumlaumu isipokuwa yule aliyesikia wiki iliyopita akasema, "Ni barabara tu."

Maneno hayo, "ni barabara tu", yanafaa kuandikwa ukutani katika kila ofisi yenye gari, yakakatwa msitari. Dereva husema, "Mzee, kuna kitu kinagonga huku mbele." Mkubwa hujibu, "Ni barabara hiyo, ndugu yangu. Twende, kikao kinasubiri." Dereva mwenye adabu hanyanyui sauti mara ya pili. Hunyoosha mkono akaongeza sauti ya redio, na gari lililokuwa likilalamika hupata mwenzake wa kulifunika.

KUSIKILIZA KABLA YA KUKAZA

Fundi mbaya akiambiwa gari lina kelele huchukua spana na kukaza kila anachokiona. Fundi mzuri huanza kwa maswali. Kelele huanza lini: asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya safari ndefu? Hutokea gari likiwa limesimama, au mpaka liende? Hufuata mwendo wa injini, au mwendo wa magurudumu? Huzidi likikata kona, likifunga breki, likipanda tuta? Je, ni mlio mkavu wa chuma kwa chuma, au mgoto mzito kama wa nyundo juu ya gogo?

Majibu yake ni nusu ya kazi. Kelele inayofuata injini hata gari likiwa limesimama itafutwe kwenye bomba la moshi, kwenye vigao vyake, na kwenye mipira inayoishikilia injini. Mgongo unaosikika gari linapoingia shimoni utafutwe kwenye bushi, shokapu, bolijointi na springi. Mlio wa tik-tik-tik unaokuja wakati wa kukata kona tu, katika gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele, kwa kawaida ni wa jointi ya mhimili iliyochakaa. Kelele inayonyamaza breki ikikanyagwa kidogo huonyesha kwamba brekipedi zinacheza mahali pake, mara nyingi kwa sababu aliyezibadilisha mara ya mwisho alivitupa vibanio vyake vidogo akidhani havina kazi.

Baada ya maswali, gari litolewe mizigo yote. Jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, koleo, makopo, chupa za maji, hata sarafu zilizo katika kisanduku cha dashibodi, vyote vishushwe. Si mara moja wala mbili ambapo kelele iliyowasumbua watu kwa miezi imeshuka pamoja na jeki.

Hatua ifuatayo ni ya watu wawili: mmoja aendeshe, mwingine asikilize. Dereva asijaribu kufanya kazi zote mbili, wala mtu asining'inie nje ya gari linalotembea kwa kisingizio cha kusikiliza. Msikilizaji akae mbele, kisha nyuma, kisha upande wa pili, na kila mara aandike sauti ilivyobadilika. Mkono ukiwekwa juu ya dashibodi au mlango na kelele ikanyamaza, mahali pamekwisha kujulikana. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine ikipitishwa polepole karibu na mahali panaposhukiwa, ni chombo cha kutosha. Ila kiwekwe mbali na feni na mikanda.

Kisha ndipo gari litazamwe chini. Hapa twatoa onyo lisilo na mjadala: mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala na mawe, wala na matofali. Liwekwe juu ya vigingi vya chuma au magogo manene yaliyokaa imara. Gurudumu lililonyanyuliwa lishikwe juu na chini, litikiswe. Mchezo unaosikika hapo hutuhumu bolijointi au beringi. Lishikwe kulia na kushoto, litikiswe. Mchezo wa hapo hutuhumu tairodi. Bomba la moshi, likiwa limepoa kabisa, lipigwe kwa ngumi tangu mbele hata nyuma. Kwenye springi za majani zitazamwe zile bolti zilizopinda kama herufi U, na kila jani likaguliwe kama lina ufa.

Kazi hii ya kutafuta ubovu kwa sikio ina heshima yake ya zamani. Katika reli za nchi nyingi walikuwako mafundi ambao kazi yao ilikuwa kupita kando ya treni iliyosimama wakiyagonga magurudumu kwa nyundo ya mpini mrefu. Gurudumu zima lilitoa mlio safi kama kengele. Lenye ufa lilitoa mlio mfu. Vilevile baharini, nahodha wa jahazi huijua sauti ya kila ubao wa chombo chake, na ubao ukianza kulia sauti ngeni hangoji maji yaingie ndipo amwite fundi kalafati. Mtu wa visiwani basi hahitaji kufundishwa jambo hili upya. Alihamishe tu kutoka kwenye jahazi, alitie kwenye gari.

DAWA NA SUMU

Kwa kelele za kero dawa zake ni rahisi. Kipande cha mpira wa tyubu kuukuu kikiwekwa baina ya bati na bati humaliza ugomvi wao, ila kisiwekwe karibu na bomba la moshi kwa kuwa kitaungua. Kigao cha joto kilicholegea hubanwa kwa klampu ya chuma. Mipira inayoning'iniza bomba la moshi ikikatika inunuliwe mingine. Waya wa kufungia hauna unyumbufu, nao huhamishia mtikisiko kwenye bodi. Milango inayolia huhitaji kurekebishwa kitasa chake, au kusafishwa mpira wake wa pembeni ulioshiba vumbi.

Kwa kelele za hatari hakuna dawa ya muda. Bushi iliyokwisha ibadilishwe. Wako wanaomwaga mafuta machafu ya injini au dizeli juu ya bushi na springi ili zinyamaze. Hakika hunyamaza kwa siku chache. Lakini mafuta huufanya mpira wa kawaida uvimbe na kulainika, na baada ya muda mfupi kilichokuwa bushi ya kubadilisha moja huwa bushi nne. Huko ni kumpa mgonjwa dawa ya usingizi na kutangaza kwamba amepona.

Nati za gurudumu zikazwe kwa kupishana, na baada ya gurudumu kufunguliwa zikaguliwe tena likishatembea kilomita 50 hadi 100. Zikishakazwa, upigwe msitari mwembamba wa rangi unaopita juu ya nati na bolti yake. Siku msitari huo ukionekana umekatika, hata mtoto atajua kwamba nati imezunguka. Kopo moja la rangi laweza kuyatosha magari yote ya wilaya. Na fundi anapotaka kuchomelea chuma cha gari, kwanza aondoe waya za betri, na ajihadhari na tangi la mafuta.

Wasomaji wetu wa visiwani wasijione kwamba wamesalimika kwa kuwa hawana mawimbi ya Mlimba. Adui wao ni hewa ya chumvi. Kutu hula vishikizo vya bomba la moshi na pembe za vigao vya joto mpaka vibaki vimening'inia kwa uzi. Kelele ni ileile. Chanzo ni kingine. Dawa yake ni kuosha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa kwa magari yanayokwenda pwani na bandarini, na kukwangua kutu kabla haijawa tundu. Tena bara na visiwani tunashiriki jambo moja: magari yetu mengi huja kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika kwa miaka. Injini huwa nzuri na rangi hung'aa, lakini mipira yake imezeeka na kukauka. Anayenunua gari kama hilo atenge fedha za bushi siku ileile anapolipia ushuru.

WAJIBU WA WENYE MAMLAKA

Tumekusudia makala haya yasiishie gereji. Gari la serikali, liwe na namba za STK au za SMZ, limenunuliwa kwa kodi ya mkulima wa mpunga wa Kilombero na ya mchumaji karafuu wa Pemba. Huko bara kazi ya kuyatengeneza magari hayo imekabidhiwa Wakala wa Ufundi na Umeme, yaani TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005. Lakini hakuna karakana inayoweza kutengeneza ubovu ambao haukuripotiwa, na hakuna ubovu unaoripotiwa mahali ambapo dereva ameambiwa anyamaze.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, na yote hayahitaji bajeti mpya.

La kwanza, katika daftari la safari la kila gari pawe na nafasi ya kuandika kelele mpya: ilianza lini, kwa mwendo gani, upande gani. Msitari mmoja watosha.

La pili, ofisa anayetia saini daftari hilo alisome. Saini iliyowekwa juu ya taarifa isiyosomwa ni ushahidi wa uzembe, siyo wa usimamizi.

La tatu, gari likipelekwa karakana dereva wake aende nalo, akae na fundi katika jaribio la barabarani kabla ya matengenezo na baada yake. Dereva ndiye aliyeisikia sauti. Karatasi ya kuomba matengenezo haina masikio.

La nne, dereva anayeripoti ubovu asihesabiwe kuwa anakwepa safari. Wapo wanaokwepa, hilo hatulikatai. Lakini tofauti baina ya mkwepaji na mwangalifu hujulikana kwa dakika kumi za kulikagua gari, na dakika kumi ni rahisi kuliko mazishi.

Kuhusu fedha, hesabu yake ni ya methali ambayo kila mtu aijua: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Bushi iliyopuuzwa huichosha tairodi, tairodi iliyochoka hulila tairi upande mmoja, na tairi lililoliwa hupasuka njiani. Mwishowe ofisi hununua vitu vitatu pale ambapo ingenunua kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichokuwa cha bei ndogo kuliko vyote.

Barabara ya Mlimba, kama zilivyo nyingi nchini, itaendelea kutengenezwa kidogokidogo kadiri ya uwezo, na siku itakapokamilika kwa lami wananchi watafurahi. Mpaka siku hiyo, na hata baada yake, magari yataendelea kulegea na kulia, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya chuma kinachotikiswa. Kilicho katika uwezo wetu leo ni kuzima redio kwa robo saa tunapoondoka asubuhi, kusikiliza, na kuandika tulichokisikia kabla gari halijavuka daraja la kwanza.